Kwa nini uwanja wa mabilioni unakosa majani ya kweli?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mzaliwa wa Kigoma, naishi Arlington, Texas, na siku za mechi nafanya usafi katika uwanja wa Dallas Cowboys, timu ya futiboli ya Kimarekani. Jengo lina viyoyozi, lina paa linalofunguka, lina skrini kubwa kama ghorofa lililolazwa, lakini wachezaji wanakimbia juu ya zulia la plastiki. Kwetu hata Uwanja wa Lake Tanganyika una majani. Halafu FIFA walipoutaka uwanja huu kwa Kombe la Dunia la 2026, sharti lao likawa majani halisi. Kama yanawezekana kwa wiki chache za FIFA, kwa nini hayawezekani kwa wenye nyumba?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Swali lako ni zito kuliko unavyodhani, maana wachezaji wa NFL, ligi kuu ya futiboli hiyo, wenyewe wamekuwa wakiliuliza hilohilo kupitia chama chao kwa miaka, na hawajapata jibu la kuwaridhisha. Kwa kifupi, majani yanawezekana. Yanakwamishwa na mambo matatu: paa, kalenda, na hesabu za mwenye jengo. Kwa jinsi ninavyoona mimi, hilo la tatu ndilo kubwa, kwa sababu mawili ya mwanzo yana dawa na dawa yake inajulikana. Majani ya FIFA ni habari nyingine. Yale ni kama maua yaliyokatwa yakatiwa kwenye chombo cha maji: yana uhai, yanapendeza, lakini hakuna anayetarajia kuyaona mwakani. Nitakueleza kwa mapana, kwa sababu nyasi za viwanja ndiyo kazi yangu, na nimeziona nyingi zikifa ndani ya majengo mazuri.

Tuanze na jengo lenyewe. NFL ina timu 32 lakini viwanja ni 30 tu, kwa kuwa Giants na Jets wanatumia kwa pamoja MetLife kule New Jersey, na Rams na Chargers wanatumia kwa pamoja SoFi kule Inglewood, California. Kila timu ina mechi 17 katika msimu wa kawaida. Ukitoa za ugenini zinabaki nane au tisa, ukiongeza moja au mbili za maandalizi unapata siku kumi hivi kwa mwaka ambazo timu inacheza nyumbani. Sasa jiweke kwenye nafasi ya aliyejenga. Uwanja unaoufagia ulifunguliwa mwaka 2009 kwa gharama iliyopita dola bilioni 1. Sehemu ya fedha hizo ilitoka mifukoni mwa wananchi: mwaka 2004 wapiga kura wa Arlington waliidhinisha nyongeza ya nusu senti kwa kila dola ya manunuzi, asilimia 2 kwenye hoteli na asilimia 5 kwenye magari ya kukodi, ili jiji lichangie dola milioni 325. Jengo la namna hiyo haliwezi kukaa tupu siku 355 likisubiri Jumapili kumi.

Kwa hiyo linafanyiwa kila kitu. Wewe unayepita na fagio baada ya shughuli unazijua kuliko mimi: fainali za shule za sekondari za Texas, ndondi, mieleka, matamasha, ng'ombe wa rodeo, pikipiki zinazoruka juu ya vilima vya udongo uliomwagwa pale kwa malori kisha ukazolewa. Mwaka 2010 waliweka uwanja wa kikapu katikati ya jengo kwa ajili ya mechi ya nyota wa NBA, wakaingia watu 108,713. Hakuna nyasi duniani itakayovumilia ratiba hiyo. Tamasha moja linataka jukwaa la tani kadhaa na sakafu ya kufunika kiwanja kizima. Nyasi zikifunikwa siku mbili zinapauka. Zikifunikwa siku tano, wewe jiandae kwa mazishi. Zulia la plastiki hufunikwa wiki nzima, likifunuliwa lipo vilevile.

Hiyo ndiyo sababu ya biashara. Sasa nikupeleke kwenye mmea wenyewe, kwani hapa kuna jambo linalotuhusu sisi wa Afrika.

Nyasi inayotawala viwanja vya kusini mwa Marekani huitwa huko bermuda. Jina lisikudanganye. Ni Cynodon dactylon, yaani ukoka, uleule unaotambaa kandokando ya njia za kwetu, mbuzi wanaung'ata mpaka ardhini na baada ya mvua moja umechipua upya. Ukoka ulivuka bahari ukatoka Afrika. Kule Tifton, jimbo la Georgia, mtafiti Glenn Burton aliuoanisha ukoka huo na ndugu yake wa Afrika Kusini, Cynodon transvaalensis, mwenye majani membamba kama uzi. Uzao mmoja wa jamii hiyo, uitwao Tifway 419, ulitolewa mwaka 1960 na mpaka leo ni miongoni mwa nyasi za michezo zinazopandwa sana. Hauzai mbegu inayoota. Unapandwa kwa vipande, kama mtu anavyopanda marando ya viazi vitamu. Kwa hiyo wachezaji wa Marekani wanapodai majani, mara nyingi kitu wanachodai ni ukoka wetu uliosomeshwa kidogo.

Na ukoka una tabia mbili ambazo hazibembelezwi. Ya kwanza ni jua. Si mwanga wa kutosha kusomea gazeti. Jua lenyewe, saa sita na zaidi kila siku, likiupiga moja kwa moja. Ya pili ni joto. Udongo ukishuka chini ya nyuzi 10 hivi, ukoka hulala. Haufi, lakini unageuka rangi ya makuti makavu na hauponyi jeraha lolote mpaka joto lirudi. Sasa tazama kalenda ya NFL: inaanza Septemba, inaisha Januari, na fainali Februari. Yaani ligi inacheza miezi ileile ambayo nyasi imelala. Kila kipande kinachong'olewa Novemba kinabaki kidonda hadi masika. Watunza viwanja hujaribu kuficha kwa kupanda nyasi ya baridi juu ya ukoka uliolala, na wakiwa hodari inasaidia. Lakini wachezaji 22, baadhi yao wana kilo 140 na zaidi, wanasukumana palepale katikati ya kiwanja mara mia na zaidi katika mechi moja. Huo si mchezo wa kutawanyika kama kandanda. Kiwanja kinachakaa katikati kama kizingiti cha mlango.

Paa ndilo lililozaa plastiki, na habari yenyewe ilitokea si mbali na ulipo, Houston. Mwaka 1965 walifungua Astrodome, uwanja wa kwanza mkubwa wa michezo kufunikwa wote. Waliojenga hawakuwa wajinga. Walijua nyasi inataka jua, wakatengeneza dari la maelfu ya vioo vya plastiki angavu ili mwanga upenye, wakapanda Tifway 419. Ikaota. Tatizo likaja kutoka mahali wasipotarajia. Wachezaji wa besiboli, ambao ndio waliokuwa wenyeji wa kwanza, walipotazama juu kudaka mpira mchana walikutana na mng'ao wa dari na vivuli vya vyuma vyake. Mpira ukawa unapotea machoni, wanadaka hewa. Dawa ikawa kupaka vioo rangi. Mng'ao ukapungua, wachezaji wakaona mpira, na nyasi zikaanza kufa siku ileile. Msimu uliobaki ulichezwa juu ya nyasi zilizokufa ambazo zilipakwa rangi ya kijani ili zionekane hai. Mwaka uliofuata, 1966, wakatandika zulia la nailoni lililotengenezwa na kampuni ya Monsanto, na jina la jengo likawa jina la zulia: AstroTurf. Timu ya futiboli ya Houston Oilers ilihamia humo mwaka 1968 ikakuta zulia limeshatandikwa.

Mimi huwa naifikiria sana ile ngazi ya fundi aliyepaka vioo rangi. Uamuzi ulikuwa wa kumsaidia mchezaji aone, na ndani yake mlikuwa na uamuzi mwingine ambao hakuna aliyeutangaza: kwamba kati ya paa na majani, paa ndilo litakalobaki. Uamuzi huo umeendelea hadi leo. Hata Cowboys wako, kabla ya kuhamia Arlington, walicheza Texas Stadium kule Irving kuanzia 1971, jengo lenye paa lililoachwa tundu kubwa katikati; mashabiki walisema tundu ni la Mungu kuitazama timu yake. Chini ya tundu hilo napo palikuwa na zulia, kwa sababu mstatili wa jua unaohama hautoshi kulisha kiwanja kizima. Uwanja wa sasa nao paa lake hufunguka, lakini halifunguki kila siku ya mwaka kuanzia asubuhi hadi jioni, na nyasi haili siku za mechi peke yake.

Usije ukadhani paa ndilo kisingizio pekee. MetLife hauna paa kabisa; mvua na theluji vinaingia vyote. Lakini ni nyumba ya timu mbili, kwa hiyo unabeba mechi za timu mbili katika miezi ya baridi, na nembo za Giants na Jets zinabadilishana. Uwanja uliokuwepo jirani kabla yake, Giants Stadium, uliwahi kuwekewa nyasi halisi ndani ya trei kuanzia mwaka 2000. Mwaka 2003 wakazitoa wakarudi kwenye nyasi bandia. SoFi nao ni ajabu ya kutazama, umechimbwa takriban mita 30 kwenda chini kwa sababu uko kwenye njia ya ndege zinazotua Los Angeles, una paa la plastiki angavu na pande zake ziko wazi, umegharimu zaidi ya dola bilioni 5, na sakafuni mna zulia. Kwa jumla ligi imegawanyika karibu nusu kwa nusu, majani huku na bandia kule, na timu huhama kambi. Baltimore walirudi kwenye majani mwaka 2016. Tennessee wakayaacha 2023.

Je, kwa mchezaji kuna tofauti? Ipo, na hapa ndipo ninapolichukulia jambo hili kwa uchungu.

Mtu anayekimbia kwa kasi akageuka ghafla, meno ya njumu yake yamezama ardhini. Mwili umegeuka, mguu bado. Kwenye majani, nguvu ikizidi, udongo unaachia: kipande kinang'oka, mguu unateleza kidogo, mchezaji anaanguka, anainuka na donge la udongo kwenye njumu. Lile donge ndilo lililobeba nguvu ambayo ingeishia gotini. Kwenye zulia hakuna donge. Nyuzi zimeshonwa kwenye kitambaa kigumu, na katikati yake wamejaza mchanga na chengachenga za mpira, nyingi zikiwa ni matairi yaliyosagwa. Meno ya njumu yakinasa, kitu cha kwanza kuachia kinaweza kuwa kano au mshipa wa goti. Mwaka 1993, kwenye zulia la zamani la Veterans Stadium, Philadelphia, mchezaji wa Chicago Bears aitwaye Wendell Davis aliruka kudaka mpira, akakata kano za magoti yote mawili kwa mpigo, hakuna aliyemgusa. Mazulia ya siku hizi ni laini kuliko lile, na haki lazima isemwe. Lakini Septemba 2023 Aaron Rodgers, akiichezea Jets mechi yake ya kwanza pale MetLife, alikatika kano ya kisigino akiwa hajacheza hata dakika tano, na mjadala wote ukaamka upya.

Tukio moja halithibitishi kitu. Rodgers angeweza kuumia hata kwenye majani. Takwimu ndizo zenye uzito. Mwaka 2020 rais wa chama cha wachezaji, JC Tretter, alitoa hadharani hesabu zilizotokana na kumbukumbu za majeruhi za ligi yenyewe, za misimu ya 2012 hadi 2018: majeraha ya miguu yasiyotokana na kugongana yalikuwa asilimia 28 zaidi kwenye nyasi bandia, na ukihesabu nyayo na vifundo peke yake tofauti inafika asilimia 69. Ligi ilijibu kwamba ipo misimu ambayo tofauti ilikuwa ndogo sana, na kwamba kuna mazulia bora na mazulia mabovu kama ilivyo kwa majani. Yote mawili ni kweli. Lakini ukiwauliza wachezaji, wengi mno wanachagua majani, na mimi namsikiliza mtu anayezungumzia goti lake.

Kuna na joto. Kwenye uwanja ulio wazi, mchana wa kiangazi, niliwahi kupiga goti pembeni ya kiwanja cha nyasi bandia nikaweka kiganja chini. Sikuweza kuhesabu hadi tano. Zile chenga nyeusi hunywa jua na zinaweza kupita nyuzi 60, wakati majani ya jirani yake, yanayopumua maji, yanakuwa vuguvugu tu. Ndani ya uwanja wenu wenye viyoyozi hilo halipo, nalisema kwa ajili ya wanaocheza nje.

Sasa tuje kwa FIFA. Kati ya viwanja 16 vya Kombe la Dunia la 2026, vya Marekani ni 11 na vyote ni nyumba za NFL. Saba kati ya hivyo vina nyasi bandia: wenu wa Arlington, MetLife, SoFi, Houston, Atlanta, Foxborough na Seattle. FIFA hawakukubali fainali za wanaume zichezwe juu ya plastiki, kwa hiyo kazi ikapelekwa kwa wataalamu wa nyasi wa vyuo viwili, Michigan State na Tennessee. Anayeongoza upande wa Tennessee, John Sorochan, ni mwanafunzi wa zamani wa Trey Rogers wa Michigan State. Rogers ndiye aliyefanya jambo ambalo wengi walisema haliwezekani, mwaka 1994, Kombe la Dunia lilipokwenda Marekani kwa mara ya kwanza: aliingiza majani halisi ndani ya Pontiac Silverdome, uwanja wa Detroit Lions uliofunikwa kabisa. Waliotesha nyasi nje, kwenye trei za pembe sita zipatazo 2,000, wakaziingiza ndani na kuzipanga zikashikana kama sega la nyuki. Juni 18, 1994, Marekani na Uswisi walitoka sare ya 1-1 juu yake, na hiyo ikawa mechi ya kwanza ya Kombe la Dunia kuchezwa ndani ya jengo.

Mbinu ya sasa ni hiyo iliyokomaa. Nyasi hulimwa shambani juu ya karatasi ya nailoni iliyomwagiwa mchanga. Mizizi ikishuka inakutana na nailoni, haipati pa kwenda, inasukana yenyewe kwa yenyewe. Ukifika muda wa kuhamisha hukati mizizi kama ilivyo kawaida; unafunua tu, unakunja kama mkeka, unapakia kwenye malori ya baridi. Uwanjani zulia limeshaondolewa au kufunikwa, chini kumewekwa tabaka la kupitisha maji na hewa. Mikeka inatandazwa, inabanwa pembeni kwa pembeni mpaka huoni mshono, kisha mashine inashonea nyuzi za plastiki kidogo katikati ya majani ili kuyashikilia. Kwa majengo yenye paa, na hili linawashangaza wengi, hawakuchagua ukoka hata kwa Texas yenye joto. Walichagua mchanganyiko wa nyasi za baridi, bluegrass na rye, kwa kuwa hizo huvumilia kivuli na ndani kuna kiyoyozi. Juu yake huvutwa taa kubwa za kuoteshea, zinawaka mfululizo kati ya mechi na mechi.

Kwa nini basi wasiziache? Kwanza, kiwanja cha kandanda ni kipana: mita 68, wakati cha futiboli ya Kimarekani hakifiki 49. Ili kupata upana huo viti vya kwenye pembe vinang'olewa. MetLife pekee walitoa zaidi ya viti 1,700, na mwenye uwanja hawezi kukaa msimu mzima bila viti hivyo. Pili, na hii ndiyo inayohusu mmea, nyasi zile zimeandaliwa kuishi kwa muda wa mashindano tu. Uwanja wa Arlington ulipangiwa mechi tisa, nyingi kuliko wowote, lakini ni mechi za kandanda, zimeachana siku kadhaa, na kati yake hakuna tamasha wala ng'ombe. Kalenda yote imepiga magoti mbele ya majani. Mashindano yakiisha, kalenda inasimama tena.

Lakini nilisema majani yanawezekana, na ushahidi uko Glendale, Arizona, jangwani kabisa. State Farm Stadium, uliofunguliwa 2006, una paa na kiyoyozi kama wenu. Kiwanja chake kimekaa ndani ya sinia. Sinia la chuma, tani zaidi ya 8,000 pamoja na udongo, maji na majani, juu ya magurudumu na reli. Siku zote linakaa nje, ukuta wa upande mmoja ukiwa umefungwa, ukoka unaota jua la Arizona. Mechi ikikaribia mlango unafunguliwa chini ya ukuta na sinia linaingia polepole mno, mtu anayetembea analiacha mbali; safari inachukua zaidi kidogo ya saa moja. Ukisimama pembeni husikii kishindo, unaona tu mstari mweupe wa pembeni ukikusogelea. Wakati nyasi ziko nje, ndani sakafu ya zege iko huru kwa maonyesho na matamasha. Las Vegas waliiga mwaka 2020: Raiders wanacheza juu ya sinia la majani, na timu ya chuo kikuu cha huko inatumia nyasi bandia iliyo ndani. London, klabu ya Tottenham nayo wamefanya kinyume, majani ya kandanda yanagawanyika vipande vitatu yanajificha chini ya jukwaa, na chini yake kuna zulia la kuchezea NFL.

Sitakuficha upande wa pili. Majani mabaya ni mabaya kweli. Fainali ya NFL ya Februari 2023 ilichezwa kwenye sinia hilohilo la Glendale, juu ya nyasi mpya zilizoandaliwa kwa muda mrefu, na wachezaji waliteleza usiku mzima, wengine wakabadilisha njumu katikati ya mechi. Novemba 2018 mechi ya Rams na Kansas City iliyopangwa Mexico City ilihamishwa siku chache kabla, kwa sababu kiwanja cha Azteca kilikuwa kimeharibika. Na mwaka 2024, mechi ya ufunguzi ya Copa América kule Atlanta ilipochezwa juu ya mikeka ya nyasi iliyotandazwa juu ya eneo la nyasi bandia, Argentina walishinda na bado wakalalamika. Majani ya kukimbilia dakika ya mwisho hayamsaidii mtu. Majani ni ya kulelewa.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Green Bay, Wisconsin, mji wa watu laki moja na kidogo. Lambeau Field ulifunguliwa 1957, hauna paa, na baridi ya huko wewe wa Kigoma usingependa kuijua. Desemba 31, 1967, kwenye mechi ya ubingwa, hewa ilikuwa takriban nyuzi 25 chini ya sifuri. Mfumo wa kupasha ardhi uliokuwa umefukiwa chini ya kiwanja ukashindwa, majani yakaganda yakawa kama kioo. Wangekuwa na kila sababu ya kutandika zulia baada ya siku ile. Mpaka leo wana majani, yameimarishwa kwa nyuzi, na chini yake mabomba ya joto. Timu ya huko, Packers, ndiyo pekee katika NFL isiyo na tajiri mmoja anayeimiliki. Ni mali ya wanahisa zaidi ya laki tano, watu wa kawaida wasiopata gawio. Sisemi hilo ndilo lililosababisha, maana Chicago na Pittsburgh nao wana wamiliki wao na wana majani. Lakini inaonyesha kwamba baridi peke yake si sababu, na mapato ya matamasha peke yake si amri.

Nikiombwa ushauri na anayejenga upya, ninasema hivi: weka sinia au weka anga. Ukijenga paa lisilo na njia ya nyasi kutoka, umeshaamua kuhusu magoti ya vijana ambao hawajazaliwa. Buffalo wameamua vizuri, uwanja wao mpya umeandaliwa kwa majani na mabomba ya joto chini yake. Nashville wanajenga wa kufunikwa, na humo ni bandia.

Neno moja kuhusu nyumbani, kwa sababu umelitaja. Nyasi bandia za Kaitaba, Bukoba, na za Nyamagana, Mwanza, usizipime kwa kipimo hiki. Pale uwanja mmoja unabeba timu za ligi, shule na mashindano ya mkoa, bila fedha za kumwagilia wala kupumzisha kiwanja. Badala ya zulia mtoto angechezea tope wakati wa mvua na vumbi kavu wakati wa kiangazi. Huko plastiki imechukua nafasi ya ardhi tupu. Kule Arlington plastiki imechukua nafasi ya ukoka ambao fedha za kuulea zipo.

Siku ukiingia kazini zulia likiwa limetandikwa, na msimamizi wako akiruhusu, chuchumaa karibu na mstari wa katikati uingize vidole viwili kati ya nyuzi. Utatoka na chenga nyeusi chini ya kucha. Ndizo hizo unazozikuta kwenye soksi zilizoachwa vyumba vya kubadilishia nguo. Kisha siku ya mapumziko nenda kwenye bustani yoyote ya jiji la Arlington wakati wa kiangazi, tafuta pale nyasi inapotambaa kuingia njia ya saruji, ung'oe kijiti kimoja chenye vifundo. Kipande chenye kifundo kimoja kinatosha kuota kwenye kopo la udongo dirishani, ilimradi dirisha liwe upande wa jua.